Dada wa Marani

Ukuta wa nyuma wa kanisa letu hauna dirisha hata moja. Aliyeujenga ni baba yangu, ambaye kwa Kigusii tunamwita Tata. Wazee wenzake walipomuuliza kwa nini ameziba upande wote wa mlimani, aliwajibu kwamba mvua ya kwetu hutokea upande huo kila siku saa tisa alasiri, na yeye hajengi nyumba ya Mungu ili waumini waogeshwe wakiwa wamevaa suti. Tata alikuwa mwashi. Alikuwa pia mkulima wa chai na mzee wa kanisa, lakini ukitaka kumjua hasa ungemtazama akiwa na mwiko wa kupigia lipu mkononi.

Nilikuwa na miaka tisa alipoupiga lipu ukuta huo. Mimi nilichekecha mchanga. Lipu ilipokauka alipita akiigonga kwa mpini wa mwiko, sikio lake karibu na ukuta, kama daktari anayepima kifua cha mgonjwa. "Hapa imeshika," alikuwa akisema. "Hapa imeshika. Hapa imeachia." Palipoachia palitoa sauti ya debe tupu, na Tata alipabandua papo hapo na kupapiga upya, hata kama jua lilikuwa linazama. Mimi sikusikia tofauti yoyote, lakini nilitikisa kichwa kama fundi mwenzake.

Ukuta huo ndio ulionifundisha tenisi. Mwalimu wa jiografia katika shule ya bweni niliyosoma alikuwa na raketi mbili za zamani na kiwanja cha udongo wa murram kilichoota nyasi pembeni, na siku moja aliuona mkono wangu. Nilikuwa nimechuma chai tangu utotoni, majani mawili na kichipukizi, mikono yote miwili kwa pamoja, na viganja vyangu vilikuwa na nguvu kuliko vya wasichana wa mjini. Akanipa raketi moja niende nayo likizo. Nyumbani kwetu Nyamira, karibu na Sironga, ardhi tambarare ni kitu cha kusikia; ukiangusha mpira shambani utauokota mtoni. Mahali pekee palipokuwa sawa ni uani nyuma ya kanisa, kwenye mpaka wa shamba letu, na aliyekuwa tayari kunirudishia mpira bila kuchoka alikuwa ukuta.

Mvua ikishanyesha, mpira ulibeba tope na kuacha madoa ya duara kwenye chokaa, mengine juu kabisa karibu na paa, maana sikuwa najua kupiga. Nilidhani Tata atanipokonya raketi. Hakunipokonya. Alinipa ndoo na brashi, akasema kila Ijumaa kabla jua halijazama, kabla Sabato haijaingia, madoa yote yawe yametoka. Basi likizo zangu zote wiki iliisha vivyo hivyo: mama anapika chakula cha kesho, kaka zangu wanapaka viatu rangi, na mimi niko nyuma ya kanisa nasugua makosa yangu ya siku tano. Nilichoka kuhangaika na ngazi. Nikaanza kupiga mahali pamoja, chini kulia, kimo cha kiuno, ili Ijumaa nisugue doa moja tu. Waandishi wa habari waliponiuliza baadaye nani alinifundisha kulenga, niliwatajia yule mwalimu wa jiografia. Ukweli ni kwamba ulikuwa uvivu.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilifika fainali ya taifa. Ilikuwa Nairobi, Jumamosi, saa nne asubuhi, saa ya ibada. Mtu ambaye hakulelewa katika nyumba inayoshika Sabato hawezi kuujua uzito wa saa hiyo. Tata hakupiga kelele. Alikaa sebuleni, mama akiwa amesimama mlangoni na mikono yake ina unga.

"Omba mvua," aliniambia. "Ikinyesha wataahirisha mpaka Jumapili."

Nikamwambia Nairobi si Nyamira, mvua ya kule haina ratiba.

"Basi nenda. Lakini nakuambia, mchezo huu hautaki wenzako. Utakuchukua peke yako, na ukimalizana nawe utakuacha bila mtu."

Jumamosi hiyo Nyamira ilinyesha tangu alfajiri. Nairobi jua liliwaka kama limetumwa, nami nikawa bingwa.

Wiki chache baadaye jina langu liliondolewa kwenye kitabu cha washiriki. Utaratibu ulitaka mzee wa kanisa asimame alisome, na mzee alikuwa Tata. Mimi sikuwepo, mama ndiye aliyenisimulia. Alisema Tata aliyasoma majina yangu yote matatu, polepole, kisha akaketi na kuishika kofia yake magotini. Nilimkasirikia kwa miaka mingi, na si kwa kusimama, bali kwa sababu hakukosea. Nilitaka akwame hata kidogo kwenye jina la kati, ambalo ni la mama yake.

Watu hudhani bingwa huzungukwa na watu. Huzungukwa kweli, kwa dakika kumi, mpaka picha ziishe. Baada ya hapo anarudi chumbani na kiganja chenye malengelenge, anafua soksi kwenye sinki. Nilikuwa bingwa wa taifa zaidi ya mara moja, nikacheza nchi nyingi, na nyingi kati ya hizo nilitolewa raundi ya kwanza. Aliyetolewa huondoka kesho yake asubuhi. Kuna miji mikubwa duniani ambayo mimi naijua kwa kitanda kimoja na njia ya kwenda uwanja wa ndege. Wasichana wa kwetu hupenda voliboli, na wana haki. Ukikosea kwenye voliboli kuna wenzako watano wa kukupiga bega. Kwenye tenisi ukikosea unajipa pole mwenyewe, tena kimyakimya, kwa sababu mwamuzi anataka utulivu.

Vikombe nilivituma nyumbani. Tata hakuvikataa, ila hakutaka kuviona sebuleni, kwa hiyo mama akavipeleka jikoni kwake. Kile cha fainali ya Jumamosi alikitilia mbegu za mahindi. Akaniambia kwenye simu kwamba kifuniko chake kinafunga vizuri kuliko cha chupa, panya hawaingii.

Nilikaribia kuolewa mara moja. Alikuwa kijana wa ofisini mjini Kisii, kwao Suneka, mtu wa kucheka taratibu, ambaye alijua sheria za tenisi kuliko mimi. Watu wake walipanga kuja kwetu Jumapili fulani. Wiki hiyo nilikuwa Kampala, fainali ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa nimepiga hesabu: nicheze, nipande basi jioni, niwe nyumbani kabla wageni hawajanawa mikono. Jumamosi ikanyesha. Mvua ile niliyoambiwa niiombe ilikuja miaka sita baadaye, mahali ambapo sikuiomba, na fainali ikasogezwa Jumapili. Ningeweza kuondoka. Nilikaa nikacheza. Nyumbani wageni wa Suneka walikaribishwa, wakala kuku, wakala ugali wa wimbi, wakanywa maziwa, wakauliza binti yuko wapi, wakaonyeshwa kiti kitupu. Hawakuwa watu wabaya. Walishukuru kwa chakula wakaenda, na hawakurudi. Nami nilishinda ile fainali. Kijana aliniandikia neno moja, "Hongera," na mpaka leo sijui kama lilikuwa la kweli.

Kisha goti likachanika. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," shangazi yangu alisema alipokuja kuniona na mikongojo, na guu lenyewe lilikuwa limelazwa pale kwenye mto mbele yetu kama shahidi wake. Mwaka huohuo mama alifariki. Tata alikuwa ameshapoteza macho kwa ile presha ya macho, na kaka zangu wako mijini na wake zao na watoto wao. Hakuna kikao kilichoitishwa. Ilieleweka tu kwamba asiye na mume wala mtoto ndiye mwenye nafasi. Nikarudi, nikalala katika nyumba ya jikoni ya mama, na vikombe vyangu vikinitazama kutoka kwenye rafu vikiwa na mbegu, chumvi na mayai.

Sasa ni mwaka wa nne. Siku mbili kwa wiki nafundisha wasichana wa shule ya jirani, ambao hunisikiliza kwa adabu huku macho yao yako kwenye wavu wa voliboli. Sokoni mtu akinikumbuka huniuliza, "Si wewe ni yule wa tenisi? Ile ya meza?" Nami nasema ndiyo, ya meza, kwa sababu nimechoka kueleza. Jumamosi majirani huja kumchukua Tata kwenda kanisani, wanamshika mkono, wananisalimia vizuri, wanaondoka. Hakuna anayenikataza kwenda. Hakuna pia anayeniuliza. Nawasikia wakiimba ng'ambo ya chai, na naijua sauti ya kila mmoja wao, nami nimekaa kwenye ngazi nachambua mboga za kesho. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa na aibu ya upweke wangu kama mtu mwenye ugonjwa wa kuficha.

Jumapili kanisa lilikuwa tupu, kwa hiyo lilikuwa langu. Goti liliponiruhusu kusimama vizuri nilichukua raketi nikaenda nyuma, pale uani, nikapiga. Chini kulia, kimo cha kiuno. Mkono ulikuwa haujasahau. Nilipiga mpaka fulana ikalowa, na niliporudi nyumbani Tata alikuwa kwenye kiti chake barazani, uso ameuelekeza kanisani.

"Ni nani huyo?" aliuliza.

"Nani, Tata?"

"Anayekurudishia mpira. Nimesikia unapiga, halafu mwingine anapiga."

Nilisimama pale natiririka jasho. Nilikumbuka sebule ile, mama mlangoni, na yale maneno: utakuacha bila mtu. Alikuwa amesema kweli, na nilikuwa tayari kukiri mbele ya mtu yeyote duniani isipokuwa yeye.

"Ni dada mmoja," nikasema. "Anatoka Marani."

Nilichagua Marani kwa sababu kutoka kwetu lazima upitie Kisii mjini ndipo ufike, na hatuna ndugu huko. Nilidhani mambo yameishia hapo. Nilikuwa nimesahau niko nyumbani kwa nani.

"Mgeni amekuja mpaka hapa na hakunisalimu?"

"Alikuwa na haraka, Tata. Usafiri wa Marani."

"Amekula?"

Kwetu mgeni haondoki na njaa. Akiwa na haraka anafungiwa chakula. Tata alikasirika kweli, akasema hajapata kusikia aibu kama hiyo katika boma lake, na kuanzia Jumapili ijayo nipike cha watu watatu. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yangu mimi iliwekewa lami. Jumapili iliyofuata nilipika cha watu watatu. Tata alinyoosha mkono mezani akapapasa sahani moja, mbili, tatu, akaridhika. Ile ya tatu niliifunga kwa jani la mgomba, nikaichukua kwenda nayo kanisani, nikaila peke yangu nimeegemea ukuta.

Ikawa ndiyo kawaida. Tata alimuulizia kama wazee wanavyouliza, nyumba kwa nyumba. Ni wa kina nani? Nikasema ameolewa Marani, kwao ni Suneka. Sijui kwa nini ulimi uliangukia Suneka. Mume wake je? Anafanya kazi ofisini. Watoto? Watatu. Anasali wapi? Hapo nilikuwa mwangalifu, nikamfanya Mkatoliki, ili asitafutwe Jumamosi. Nilimpa yule mwanamke kila nilichokosa, na sikugundua ninachofanya mpaka siku nilipojisikia nikisimulia jinsi mtoto wake wa mwisho anavyokataa uji. Nilienda jikoni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kuendelea na hadithi.

Tata alimpenda. Kwenye maombi ya chakula hakumsahau: "Na yule dada wa Marani, Bwana, mfikishe salama kwa watoto wake." Alimwekea ndizi mbivu, akazikagua mwenyewe kwa vidole. Mara nyingine alimtania. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwambie huyo wako aje Jumatatu tuchume chai." Alicheka hadi akakohoa. Tangu mama aondoke sikuwa nimemsikia akicheka. Sketi zikaanza kunibana kiunoni kwa kula sahani mbili, na uongo nao ukanibana, kwa sababu mzee wa watu alikuwa anamwombea ukuta, na mimi nasema amina.

Jumapili iliyopita niliamua kuumaliza. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujipanga mapema. Nilipiga kwa muda mfupi tu, nikarudi barazani, nikakuta amekaa na kikombe cha uji wa wimbi, na mezani sahani tatu zimefunikwa.

"Tata," nikasema, "yule dada wa Marani hatakuja tena. Wanahama. Mume wake amehamishwa mbali."

Alipapasa meza kwa kiganja, akaweka kikombe.

"Hawezi kuhama," alisema.

"Kwa nini?"

"Msingi wake niliuchimba mimi mwenyewe. Futi tatu, mpaka nikakuta mwamba."

Masikio yangu yaliwaka moto. Nilitazama kanisa, nikatazama kofia yake, nikatazama chini. Sikuwa na pa kuweka raketi, niliyokuwa bado nimeishika.

"Na umwangalie chini kulia," akaendelea kwa sauti ileile ya kazi niliyoijua tangu nikichekecha mchanga, "kama kimo cha kiuno. Lipu imeachia. Nimeisikia tangu mwaka huu uanze. Unapapiga palepale kila mara, na huchoki. Masika yakichanganya itaanguka."

"Ulijua tangu lini, Tata?"

"Macho ndiyo yamekufa. Ukuta wangu niukose kwa sauti?"

"Mbona sasa uliniuliza ni nani?"

Aliivua kofia akaishika magotini, kwa mikono yote miwili.

"Nilitaka useme huna mtu," alisema. "Nami ningepata pa kuanzia kukuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Wewe ukaniletea mgeni, na mgeni hafukuzwi."

Mvua ilianza kudondoka juu ya mabati, moja moja. Nilitaka kusema maneno mengi, na nililoweza kusema ni dogo tu, nalo likatoka kama malalamiko ya mtoto.

"Miezi yote hiyo umenifanya nipike cha watu watatu."

"Ulikuwa huli," alisema Tata. "Nilikuwa nakusikia. Unakwangua sufuria mara mbili, unaweka kijiko. Mgeni ningemnyima?"

Kisha akanyoosha mkono, akapita sahani yake, akapita yangu, akaishika ile ya tatu na kuisukuma polepole mpaka ikagusa vidole vyangu. Akaniambia kesho nichekeche mchanga, atakuja na mwiko, nitapiga lipu na yeye atagonga. Niliifunua ile sahani. Nikaila hapohapo mezani, mbele yake, mpaka ikaisha.